Msiba wa Kengele ya Kilimani

Hapo zamani za kale, kale yenyewe, siyo kale ya juzi ambayo babu zenu wanajidai waliiona, wanyama walikuwa na mji wao. Mji mzima! Una soko, una mitaa, una mwenyekiti, na kelele zake kama mji wowote.

Sogeeni karibu. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, hadithi yangu haishindani na meno. Na asiniulize mtu nimeisoma kitabu gani. Shule niliiacha mapema, nikaiachia na madawati yake. Lakini kwa hadithi, niletee mabingwa wote wa mtaa huu niwapange foleni, wa mwisho mpaka wa kwanza, wote watanishika mkono.

Haya. Mji huo ulikuwa na mitaa miwili. Chini kulikuwa na Ziwani, nyumba za udongo, matope kila mahali, raha mustarehe. Juu kulikuwa na Kilimani. Kilimani kuta ni matete, paa ni nyasi, na upepo haulali. Kati ya mitaa hiyo kuna njia moja tu, mawe matupu, inapanda imejipinda kama utumbo wa mbuzi.

Kila mtaa ulikuwa na kituo chake cha zimamoto. Cha Kilimani kilikuwa na vitu vitatu: pipa kubwa la maji, tembo jike aliyeitwa Nyamizi, na kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Lori lilitoka wapi zamani za kale? Usiniulize. Hadithi ni ya nani?

Cheche ikiruka jikoni kwa mtu, ngo! ngo! ngo! Nyamizi huyo, mkonga ndani ya pipa, anavuta, anakwenda, fyooooo! Moto kwisha. Halafu anasema kwa sauti yake nzito, "Haya mama, endelea kupika."

Wakaishi hivyo wakazoea. Ndiyo shida ya kitu kizuri, ukikizoea unadhani kimeota chenyewe.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Mavuno yakawa kiduchu. Ghala la mji, lile ambalo kila nyumba ilipeleka nafaka ili wafanyakazi wa mji wale, likakonda mpaka ukisimama nje unasikia panya anatembea ndani, tena anatembea kwa huzuni.

Mwenyekiti akaitisha kikao.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Mpana! Akikaa kwenye benchi, benchi linaomba radhi. Yeye nyumbani kwake ni ziwani, ndani ya maji, pua tu ndiyo iko nje. Alipenda vitu viwili duniani. Cha kwanza kofia yake nyekundu yenye kishada, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Bila kofia hiyo kichwani hakuna kikao. Cha pili kuamkiwa. Alitoa amri kabisa: atakayekutana naye njiani asimpe shikamoo, atafagia soko zima peke yake. Na yeye alikuwa haachi kuitikia hata akiwa anaumwa. "Marahabaaaaa!" Mdomo wazi kama mlango wa zizi.

"Ndugu wajumbe," akasema Kiboko, "ghala limekonda. Lazima tubane."

"Tubane, Mwenyekiti!" akadakia Katibu Ngiri. "Tubane mpaka lilie!"

"Nani katika mji huu anakula kuliko wote?"

Kikao kizima kikamtazama Kiboko.

Kiboko akakohoa. "Ukiniondoa mimi."

"Nyamizi!" akasema Ngiri haraka.

"Naam. Basi kituo cha Kilimani kifungwe. Nyamizi ashuke Ziwani, akae na wenzake, wagawane fungu lile lile la chakula. Tumemaliza?"

"Hatujamaliza," ikasema sauti kutoka chini ya benchi.

Wote wakainama. Alikuwa Pimbi. Mnamjua pimbi? Mkubwa kama mkate wa boflo, hana mkia, masikio kama vifungo vya shati. Lakini ulimi! Ulimi wake ungeweza kunyoa nywele bila maji. Mama huyu alikaa Kilimani, nyumba ya nyasi iliyoegemea jiwe, na watoto wake walilala wamepangana kama ndizi kwenye chane.

"Mwenyekiti," akasema Pimbi, "na moto ukitokea Kilimani?"

"Zimamoto ya Ziwani itapanda."

"Kwenye mawe yale?"

"Pimbi! Toka Ziwani mpaka Kilimani ni kufumba na kufumbua macho. Mimi mwenyewe ningeuzima kwa mdomo huu hapa." Akaupanua. Ngiri akaona mpaka chakula cha jana.

"Mtani wangu, mara ya mwisho kupanda kilima ilikuwa lini?"

"Nikafanye nini kilimani? Mimi naishi majini. Na sijapata kuona moto unaoogelea!"

Wajumbe wakacheka, kwa kwa kwa! Ngiri akacheka zaidi kuliko wote, maana ndiyo kazi yake. Kikao kikafungwa. Rimu ikateremshwa mtini, ikalazwa kwenye majani. Nyamizi akashuka njia ya mawe polepole, huku anageuka nyuma kila mara kutazama mapaa ya nyasi.

Haukupita muda. Mchana wa upepo, Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuwa anachemsha maharage. Cheche moja ikaruka. Moja tu! Ikakaa juu ya paa, ikajikuna, halafu, voooo!

"Motooo! Jamani motooo!"

Kila mtu akakimbilia kengele. Kengele iko wapi? Iko chini ya mti, kwenye majani. Pipa je? Kavu, buibui kaweka nyumba. Digidigi akatumwa Ziwani mbio. Alipofika, tembo wa Ziwani wakaacha kila kitu, wakajaza mikonga, wakapanda. Walipanda kweli, msiwalaumu. Lakini tembo kwenye mawe ni kama bibi harusi kwenye utelezi. Walipofika juu, Mama Kanga alikuwa amesimama na mayai yake kwenye kapu, anatazama jivu. Mayai alikuwa ameyaokoa. Nyumba, hapana.

Nyamizi aliyekuwa nao akamwaga maji yake juu ya jivu. Hakusema endelea kupika. Angepikia wapi?

Kesho yake Katibu Ngiri akaja na salamu. "Mwenyekiti anasema pole sana. Anasema maadamu mayai ni mazima, basi mpango wetu unafanya kazi vizuri."

Alijibu Pimbi.

"Mwambie Mwenyekiti ahsante. Mwambie mtani wake amemsikia."

Ngiri alipoondoka, Pimbi akatazama watoto wake, akatazama paa lake, akasikiliza upepo unavyolichezea, fsss, fsss. Akasema peke yake, "Jana Kanga. Upepo ukigeuka ni sisi. Hapana. Yule bwana nitampandisha kilima kwa miguu yake mwenyewe."

Sasa nisimame hapa kidogo, maana wengine mmelelewa hovyo, hamjui utani. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Kiboko walikuwa watani, tangu mababu. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote, anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na msibani ndiyo kabisa: anaweza kulala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka umkomboe. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, sheria ni moja: unalisha msiba wote, mpaka wa mwisho aseme nimeshiba. Na wanyama wa mji ule walikuwa hawashibi kirahisi.

Basi asubuhi moja ngoma ya msiba ikalia Kilimani. Tu! Tu-tu! Tu! Tu-tu!

Katika mji ule, ngoma ya msiba ikilia unaacha ulichoshika. Humwulizi mtu. Unakwenda, unakaa, unalia, mengine baadaye. Na Mwenyekiti ndiye anayekaa mbele. Kiboko akajitoa majini, pwaa, akavaa kofia yake, akaanza kupanda. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Watu wa Ziwani wote nyuma yake, na Nyamizi miongoni mwao.

Walipofika juu wakakuta mikeka imetandikwa. Kaburi limechimbwa, fupi, la duara duara. Ndani yake umelazwa mwili uliofungwa sanda nyeupe. Pimbi kajifunga kilemba, analia, "Uwiii! Nani atatuamsha sasa? Uwiii!"

Kiboko akafika mbele, jasho linamtiririka, akainamisha kichwa. Hakuuliza, maana hairuhusiwi. Akaanza kumsifu marehemu, kama ilivyo kawaida yake ya kusifu watu wakishakufa.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa mwema."

"Mwema sana," akasema Pimbi kwa kwikwi.

"Alikuwa mpole."

"Siyo sana. Alikuwa na sauti."

"Sauti nzuri! Hakuna asiyeikumbuka sauti yake!"

"Hakulala, Mwenyekiti. Sisi tumelala, yeye macho."

"Hakulala!" Kiboko akapandisha sauti, machozi yakaanza kumtoka. "Mji huu ulikuwa salama kwa ajili yake! Hatutapata mwingine kama yeye! Nani, nauliza, nani mwenye moyo wa jiwe aliyemdhulumu huyu?"

"Wewe," akasema Pimbi.

"Mimi! Eh? Mimi nini?"

Pimbi akainama kaburini, akafunua sanda kidogo. Rimu ya lori hiyo, imelala.

Mtu mmoja nyuma akashindwa, pfff! Kicheko kikaruka kama kuku aliyekanyagwa. Hata Nyamizi akaficha uso kwa masikio.

Kiboko pua zikafumuka. Shingo ikavimba. "Pimbi! Umeniburuta kilima chote hiki kwa ajili ya chuma?"

"Anakasirika!" Pimbi akaruka juu. "Jamani, njooni muone, mtani wangu anakasirika msibani!"

"Sufuria!" wakapiga kelele wote. "Leteni masufuria! Leo tunakula kwa Mwenyekiti!"

Kiboko akapiga hesabu ya matumbo yaliyokuwa pale. "Nani kakasirika? Mimi? Ha. Ha. Ha." Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu kama kiatu cha marehemu.

"Basi inama nikupe pole, mtani."

Akainama. Lo! Usiiname mbele ya pimbi. Chwap! Kofia imekwenda! Pimbi kajitosa kaburini, kajilaza kando ya rimu, kofia kifuani.

"Sitoki!"

"Toka, Pimbi."

"Sitoki. Nikomboe."

"Unataka nini? Mahindi?"

"Sitaki."

"Kuku?"

"Kuku?" akasema Mama Kanga, manyoya yakamsimama. "Binamu zangu wamefanya nini?"

"Samahani, mama, imenitoka tu. Pimbi, sema basi unataka nini!"

"Nataka maji ya ziwa. Mdomo mmoja tu. Mdomo wako huo huo."

Kiboko akacheka, mara hii kicheko cha kweli. "Hicho tu?"

"Hicho tu. Lakini tuucheze mchezo kiungwana." Pimbi akatoka kaburini ameshika kitu chekundu chenye kishada, akatembea nacho mbele za watu mpaka kwenye jiwe tupu, mbali na nyumba. Juu ya jiwe hilo palikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, kama cha watoto wa kucheza. "Kibanda hiki nimekijenga kwa nyasi zilizobaki nyumbani kwa Kanga. Kofia naiweka ndani. Wewe shuka, sikufanyi haraka, kuteremka nakupa bure. Ukishatia mdomo majini, hapo ndipo nawasha. Wewe panda, zima, chukua kofia yako."

Kiboko akasita. "Uwashe kofia ya baba yangu?"

"Una wasiwasi gani? Toka Ziwani mpaka Kilimani ni nini vile? Mlikuwepo, jamani. Alisema ni nini?"

"Kufumba na kufumbua macho!" wakaitikia wote.

Sasa atasema nini? Mbele ya mji mzima! Akavuta pumzi. "Naam. Nilisema, na ni kweli. Tazameni!"

Akateremka, gudu gudu gudu, mawe yanamkimbia. Kutoka juu walimwona akifika, akitia mdomo, gubu! Pimbi akachukua kaa la moto, akalichomeka chini ya kibanda. Moshi ukatoka kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi.

Kiboko akaanza kupanda, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Mdomo mkubwa kweli ule! Ungetosha kuzima vibanda kumi. Amefika kwenye kona ya kwanza, nani hao? Watoto wa Pimbi, wamejipanga kando ya njia, wameoga, wamepakwa mafuta.

"Shikamoo, babu!"

Kiboko akatikisa kichwa. "Mmh."

"Hajasikia. Shikamoo, babuuu!"

"Mmmh! Mmmh!"

"Babu haitikii," akasema mkubwa wao kwa masikitiko. "Labda siku hizi siyo mwenyekiti tena."

Eti siyo mwenyekiti! Kiboko moyo ukamruka. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote:

"Marahabaaaaa!"

Bwaaaaaa! Maji yote njiani. Watoto wakaoga mara ya pili.

"Lahaula!" Kiboko akageuka, akashuka tena mbio, akajaza tena.

Huko juu kibanda kimeshika, nyasi zinalia, ta-ta-ta-ta. Katibu Ngiri hatulii. Anakwenda huku, anarudi huku.

"Kofia inaungua! Jamani, kofia ya serikali inaungua! Nyamizi!"

Nyamizi alikuwa amesimama kando ya pipa. Na pipa, mnajua, wana Kilimani walikuwa wamelijaza tangu jana, ndoo kwa ndoo. Mkonga wake ulikuwa umeshaning'inia juu ya maji.

"Naam, Katibu."

"Zima! Maji hayo hapo, mkonga huo hapo!"

"Ningependa sana, Katibu. Lakini kituo cha Kilimani kimefungwa. Mimi ni wa Ziwani."

"Lakini uko hapa!"

"Hapa nimekuja msibani. Nipelekeni kwanza Ziwani, halafu mniite, halafu nitapanda."

"Huu ni upuuzi!"

"Ndilo agizo lenyewe, Katibu. Wewe si ndiye uliyesema tubane mpaka lilie? Sikiliza," akasema Nyamizi, "linalia."

Ta-ta-ta-ta, kibanda kikalia.

Ngiri akakimbilia ukingoni kuchungulia njia.

Kiboko naye anapanda. Safari hii amefumba macho asione watoto, ameziba masikio asisikie shikamoo. Vizuri! Lakini mtu anapanda mawe amefumba macho, unategemea nini? Mguu ukagonga jiwe, du! Shingo ikarudi nyuma, na maji yakapita njia yao ya kawaida. Glu, glu, glu. Ameyameza! Akajitahidi hivyo hivyo na yaliyobaki shavuni. Akatambaa. Akafika juu anahema kama mivukuto ya mhunzi, akasogea kwenye jiwe, akatema.

Pu.

Tone moja. Likaangukia jivu. Jivu lenyewe lilikuwa limeshapoa, halikujisumbua hata kusema chii.

Watu walikuwa wamejiandaa kucheka. Hawakucheka. Maana Kiboko alikaa chini, pale pale juu ya jiwe, mwili wote ule, akashika jivu mkononi.

"Kofia ya baba," akasema. "Alinivika mwenyewe. Nimekimbia, jamani. Mmeniona nimekimbia."

Mama Kanga akasogea na kapu lake la mayai, akakaa karibu naye.

"Pole, Mwenyekiti. Tulikuona. Hata tembo siku ile walikimbia. Nami nilisimama hivyo hivyo ulivyokaa wewe."

Kiboko akamgeukia. "Mama Kanga. Nilimtuma Ngiri."

"Alifika."

"Nilipaswa kuja mimi."

"Ungefika tu ungejua, baba. Hakuna aliyekuficha kilima."

Kiboko akafuta macho, akabaki na jivu usoni. "Paa la nyumba ni kubwa kuliko kofia," akasema taratibu, kama mtu anayejifunza kuhesabu. "Na chini ya paa kuna watoto."

Hapo hapo, kutoka kaburini: NGO!

Mamaaa! Mlipaswa kuwepo! Digidigi akaruka juu ya Ngiri, Ngiri akaruka juu ya mtu asiyemjua. "Marehemu amefufuka!"

Ngo! Ngo! Ngo!

Pimbi akateremka kaburini kwa madaha, akafunua sanda. Ndani yake kitinda mimba wake kakaa, kashika jiwe, anagonga rimu huku anacheka. Na juu ya rimu, imekaa vizuri, haina hata vumbi, kofia nyekundu yenye kishada.

"Kumbe!" akasema Kiboko. "Na kile kilichoungua?"

"Kifuu cha nazi, mtani, nimekipaka udongo mwekundu. Kishada nilikata kwenye mkia wa Katibu, alipokuwa anasinzia kwenye kikao chenu cha juzi."

Ngiri akajipapasa nyuma. Kweli! Alikuwa anatembea mjini siku zote hizo na mkia kipara, na hakuna aliyemwambia.

Kiboko pua zikaanza kufumuka tena. Shingo ikaanza kuvimba. "Hii ni hila, Pimbi! Kuwapanga watoto njiani ni hila!"

"Ni hila, mtani. Na moto je, hauna hila? Siku ya moto upepo utakusubiri kwenye kona, jiwe litakusubiri kwenye kona. Afadhali watoto wangu, wao walikupa shikamoo kwanza."

"Sufuria?" akauliza mtu nyuma, kwa matumaini.

Kiboko akatazama kofia. Akatazama jivu mkononi mwake. Akatazama mkia wa Ngiri. Tumbo likaanza kutikisika, likatikisika, halafu kikatoka kicheko ambacho mpaka leo wazee wa ziwa wanasema kilitoa mawimbi. "Umenipata, mtani! Umenipata na kofia yangu na baba yangu!"

Akasimama, akavaa kofia. "Kengele irudi mtini. Nyamizi arudi kituoni."

"Lakini Mwenyekiti," akasema Ngiri kwa sauti ndogo, "ghala bado tupu."

Na hapo, wadogo zangu, Ngiri alisema kweli. Hata Ngiri husema kweli siku moja moja. Utani haujazi ghala.

Kiboko akajikuna shingo. Kule ziwani alikuwa na majani yake, kijani, laini, marefu, kaweka ua wa miiba asikanyage mtu. Aliyaita bustani ya kupumzikia. Hakuna aliyepumzikia humo ila yeye.

"Nyamizi atakula bustani yangu mpaka mavuno," akasema. Ilimuuma, mlione hilo; alisema huku kashika tumbo. "Na maji ya pipa..." Akaupanua mdomo, akaugusa kwa ndani kama mtu anayekagua chumba cha kupangisha. "Mdomo huu umesema mengi. Sasa ubebe."

"Na wakikupa shikamoo njiani?" akauliza Pimbi.

"Amri mpya! Mwenye maji mdomoni asiamkiwe. Atakayeniamkia atafagia soko!"

Vigelegele! Nyamizi hakungoja vigelegele viishe. Alikwenda mtini, akaitundika rimu kwa mkonga, akaigonga mara moja tu, polepole, kama mtu anayemgusa ndugu yake kuona kama yuko macho. Kaburi likafukiwa likiwa tupu, na msiba ukageuka ngoma, na waliotaka masufuria wakapewa uji wa shukrani. Mwembamba, lakini wa moto.

Kiangazi kile kile, kabla mvua hazijarudi, mchana watoto wa Pimbi wamelala, cheche iliruka kwenye jiko la mama yao mwenyewe. Ngo! Ngo! Ngo! Nyamizi huyo, mkonga ndani ya pipa, pipa limejaa mpaka juu maji ya ziwa. Fyooooo! Paa likatoboka tundu la ukubwa wa sahani. Mtoto mmoja akafumbua jicho, akaona mawingu kupitia tunduni, akageuka upande wa pili akaendelea kulala.

"Haya mama," akasema Nyamizi, "endelea kupika."

Na kwenye kona ya mwisho ya njia ya mawe alikuwa anatokea Kiboko, mashavu yamejaa, kofia upande, anapandisha maji mengine. Pimbi akamwona. Akasimama mlangoni, akafungua mdomo amwite jina moja la utani, baya kweli, nami nalijua ila ninyi ni wadogo. Halafu akamtazama anavyohema, akaufunga, akamchotea uji.

Mimi nimefika, kama kuna mwenye hadithi tamu kuliko hii na ajitokeze, nimwone kidevu chake. Na ninyi shikeni hili moja mlale nalo: usimwage ndoo ya jirani kwa sababu wewe unaishi ziwani.